Chujio la Mfalme wa Mito Minne

Hadithi hii nilitumiwa na dada yangu nikiwa kazini. Hakuweka maelezo, ila maneno haya tu: "Isome, halafu mfikishie bosi wako kama utathubutu." Sikuthubutu. Ndiyo maana naanza na wewe.

Katika nchi ya Mito Minne palikuwa na mfalme aliyeogopwa hata na watu waliompenda. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikasirika alinyamaza tu, akawa anazungusha pete yake kidoleni, na kila aliyekuwamo chumbani aliitazama ile pete huku moyo ukimdunda.

Miaka mingi nyuma, koo nne za nchi hiyo zilikuwa zikipigana, kila ukoo ukiwa umekaa kando ya mto wake. Vita hivyo viliua watu wengi, akiwamo mdogo wake mfalme. Siku walipopatana, kila ukoo ulileta samaki wa mtoni kwake na mimea ya mtoni kwake. Wakavitia vyote katika tangi moja kubwa la kioo, katika ukumbi wa baraza. Samaki wa Mto Mweusi wakaogelea na wa Mto Mwekundu, wa Mto Mpana na wa Mto Baridi, wakubwa kwa wadogo, katikati ya majani marefu ya kijani.

Mfalme akasema, "Hawa wakiishi pamoja, na sisi tutaishi pamoja."

Watu walishangilia. Lakini mwaka wa pili hofu ilimwingia mfalme. Akawa anajiuliza: na wakifa je? Wazee wa koo watasema nini? Si watashika tena mikuki? Ndipo akaweka sheria: mtunzaji atakayefiwa na samaki wa mkataba, wa ukoo wowote ule, atafungwa.

Mtunzaji wa kwanza, Mzee Faki, alikwenda mwenyewe kwa mfalme kusema kwamba samaki watatu wamekufa. Akafungwa. Wa pili alikaa miaka mitano, hakufa samaki hata mmoja, akavishwa joho. Wa tatu, kijana aliyeitwa Makame, alikwenda kusema kwamba samaki wa Mto Mwekundu wanaumwa na wawili wamekufa. Akafungwa. Wa nne alikaa miaka minne, hakufa samaki hata mmoja, naye akavishwa joho. Kisha siku moja akasema macho yake hayaoni vizuri, akaomba kupumzika.

Nafasi ikawa wazi, na hakuna aliyeitaka.

Waziri Hemedi akamwendea mwanamke aliyetunza bustani ya ikulu, jina lake Siwema. Alikuwa mjane mwenye binti wawili, mikono yake imezoea udongo, na mimea ilimkubali.

"Tangi limejaa mimea," waziri alimwambia. "Na wewe ni mtu wa mimea. Kuanzia kesho ni lako."

"Mheshimiwa, samaki mimi siwajui."

"Sikukuuliza."

Mtunzaji wa nne alipomkabidhi funguo za ukumbi, vidole vyake vilikuwa baridi. Akamwambia neno moja tu, kwa sauti ya chini: "Usiwahesabu samaki mbele ya watu." Siwema alitaka kumuuliza ana maana gani, lakini mzee yule alikuwa ameshageuka, anakwenda zake haraka, macho yale mabovu yakiiona ngazi vizuri kabisa.

Siku ishirini kabla ya sherehe ya mkataba, waziri aliingia ukumbini, akachungulia tangini, akakunja uso. Kwenye kona ya tangi palikuwa na chujio la zamani: sponji nene ya rangi ya kahawia, imeunganishwa na mpira mwembamba wa pampu ya hewa. Mapovu yalipanda taratibu, na maji yalivutwa polepole kupita ndani ya sponji.

"Uchafu gani huu?" aliuliza waziri. "Wazee wa koo waje waone tope? Nimeagiza machujio mapya. Chagua moja leo. Hili la zamani likachomwe moto."

Yaliletwa machujio matatu, yakapangwa mezani. La kwanza lilikuwa sponji mpya na pampu ndogo ya hewa, kama lile la zamani. La pili lilikuwa kisanduku cha kuning'inizwa ukingoni mwa tangi. La tatu lilikuwa mtambo mzito wa kuwekwa chini, wenye mabomba mawili manene. Walipouwasha kwa majaribio ndani ya pipa, maji yalizunguka kwa nguvu mpaka yakaruka nje.

Mfalme mwenyewe alikuja kutazama. Alisimama nyuma ya Siwema, akingoja.

Nikuambie ukweli jinsi Siwema alivyochagua, kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kuukiri baadaye. Macho yake yaliitaka ile sponji. Alikuwa mtu wa bustani. Alijua mche mchanga haumwagiliwi kwa ndoo nzima. Lakini akawaza: nikichagua kidogo, samaki wakafa, watasema nimefanya uzembe. Nikichagua kikubwa, wakafa, nani atanilaumu? Aliwaza binti zake. Alisikia pumzi ya mfalme kisogoni.

Akanyoosha kidole kwenye mtambo mkubwa.

"Huo," alisema.

"Vizuri," alisema waziri.

Sponji ya zamani ikachomwa jikoni. Wapishi walilalamika harufu.

Kesho yake maji yalikuwa maangavu ajabu. Ungeweza kusoma barua iliyoshikwa upande wa pili wa tangi. Mfalme alipita, akasimama, akatabasamu, jambo ambalo wengi ukumbini hawakuwahi kuliona.

"Umefanya kazi nzuri, Bi Siwema," alisema.

Siwema aliinamisha kichwa. Alikuwa ameona kitu ambacho mfalme hakukiona. Mkondo wa mtambo ulikuwa ukiilaza mimea kama upepo mkali shambani. Siku ya tatu mimea mitatu iling'oka na mizizi yake. Siku ya nne aliwakuta samaki wawili wadogo wa Mto Baridi wamebanwa kwenye mdomo wa bomba la kuvutia maji, mapezi yamechanika. Aliwatoa kwa kijiko. Mmoja alikuwa amekufa. Wa pili alikufa mkononi mwake.

Akavitia vile visamaki mfukoni mwa vazi lake na kuendelea kufuta kioo, kwa sababu mlinzi alikuwa mlangoni.

Aliufunga mdomo wa bomba kwa kitambaa chepesi, akadhani amemaliza. Lakini siku ya sita samaki wote walikuwa juu, midomo yao imetokeza kwenye uso wa maji, wanatweta. Maji yalikuwa bado maangavu. Hapo ndipo hofu ilipomshika hasa. Tope angeweza kulitoa. Huu ugonjwa uliokuwamo ndani ya maji masafi angeutoa vipi?

Na watu walipita wakisifu. "Maji kama hewa!" Waziri aliwaleta wageni. Siwema alitabasamu nao.

Siku ya nane asubuhi, samaki wote wa Mto Baridi walikuwa wamekufa. Wote kumi na moja, wamenasa kwenye majani. Aliwatoa mmojammoja kabla ukumbi haujafunguliwa, akawafunga katika kanga. Sherehe ilikuwa imebaki siku kumi na mbili.

Mjini palikuwa na fundi cherehani, Fundi Kibwana, ambaye dukani kwake, nyuma ya kioo cha dirisha, aliweka tangi la samaki kwa ajili ya kuvutia wateja. Siwema hakumjua mtu mwingine mwenye samaki. Mchana huo alikwenda, ile kanga kwapani, akijifanya anataka uzi. Duka lilipobaki tupu, alisimama mbele ya lile tangi. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai nyepesi. Mimea ilijaa. Samaki walizunguka wanene, wametulia. Na kwenye kona palikuwa na sponji ya kahawia, chafu kuliko ile iliyochomwa.

"Fundi," alisema. "Kwa nini wako hawafi?"

Fundi Kibwana aliinua miguu kutoka kwenye pedeli ya cherehani. Akamtazama mavazi yake ya ikulu. Akaenda kufunga mlango.

"Umebadilisha chujio?"

"Ndiyo."

"Na la zamani umelitupa."

"Limechomwa moto."

Fundi alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mama, samaki wanajisaidia humohumo wanamoishi. Kile wanachotoa ni sumu, na haionekani kwa macho. Ndani ya sponji kuukuu wanaishi vijidudu wadogo mno, maelfu kwa maelfu. Hao ndio wanaokula ile sumu. Ule uchafu ulioudharau ndio uliokuwa ukiwalinda. Mtambo wako ni mpya, hauna kitu ndani. Unachukua vumbi, maji yanang'aa, sumu inabaki palepale. Tena tangi lenye mimea mingi na samaki wadogo halitaki mkondo wa nguvu. Linataka mkondo wa taratibu."

"Leo wamekufa kumi na moja, wa Mto Baridi wote. Nifanye nini?"

"Yako mambo mawili," alisema fundi. Akafungua pazia la nyuma ya duka. Kulikuwa na mabeseni yamepangwa chini, na ndani yake samaki wa kila aina: weusi, wekundu, wapana, na wale wadogo wa rangi ya fedha wa Mto Baridi. "La kwanza ni hili. Chukua kumi na moja, uende ukawatie. Hakuna atakayejua. Wenzako wawili walifanya hivyo, wale wenye majoho. Wakija hapa walikuwa wakitetemeka kama wewe. Unadhani wale samaki wa mkataba bado wapo? Wa mwisho alikufa miaka sita iliyopita. Wote waliomo ikulu wamezaliwa kwenye mabeseni haya."

Siwema alilishusha pazia.

"Na la pili?"

"La pili nikupe nusu ya sponji yangu, na uchafu wake wote. Waliobaki watapona. Lakini wale kumi na moja itabidi ueleze wamekwenda wapi."

Siwema alikaa kwenye kiti cha wateja. Aliwaza gereza. Aliwafikiria Mzee Faki na Makame, ambao kosa lao, sasa alielewa, lilikuwa kusema. Aliona pia namna maisha yake yatakavyokuwa akichukua wale samaki: kila asubuhi kuhesabu kwa siri, kila mwezi kuja kununua uzi asioutaka, mpaka siku naye atakaposema macho yake hayaoni.

"Nipe uchafu," alisema.

Fundi Kibwana alimtazama kwa mshangao. "Wote walikuja kutaka samaki," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kutaka uchafu."

Akaikata sponji katikati kwa mkasi wake wa vitambaa, akaitia kwenye ndoo yenye maji ya tangini ili isikauke, akamkabidhi.

Siwema hakupita nyumbani, maana alijua akiwaona binti zake hatathubutu tena. Alikwenda moja kwa moja ikulu, ndoo mkono mmoja, kanga yenye samaki mkono wa pili. Mfalme alikuwa barazani na waziri wake na watu wa baraza. Siwema alipiga magoti, akaifungua kanga sakafuni.

"Mtukufu Mfalme, hawa ni wa Mto Baridi. Wamekufa wote, na wawili wengine kabla yao. Mimi ndiye niliyechagua mtambo ule, na nimeuchagua kwa woga. Waliobaki wanakufa sasa hivi. Nipe ruhusa niuzime mtambo na kuitia sponji hii, kisha unifanye utakalo."

Waziri aliruka kutoka kitini. "Walinzi!"

Mfalme aliinua mkono. Kisha akaanza kuzungusha pete.

Siwema alisikia mtambo ukivuma.

"Wenzako wawili," mfalme alisema mwishowe, "walikaa miaka na miaka bila kufiwa hata na samaki mmoja. Wewe siku nane. Kwa nini?"

Hapa ndipo alipoweza bado kujiokoa. Angeweza kusema hajui.

"Walifiwa, Mfalme wangu. Wakanunua wengine. Samaki wa mkataba walikwisha miaka sita iliyopita. Waliokuambia ukweli ni wawili tu, nawe umewafunga. Waliokuficha umewavika majoho."

Pete ikasimama.

Mfalme aliinuka, akashuka ngazi, akaenda mpaka kwenye tangi. Alitazama samaki wanaotweta ndani ya maji yale maangavu aliyoyasifu kwa kinywa chake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Wengi waliokuwapo walisema baadaye kwamba ndiyo siku waliyomwona mfalme akiogopa.

"Miaka sita," alisema. "Na vita havikutokea."

"Havikutokea, Mfalme wangu."

"Zima huo mtambo. Lete ndoo."

Siwema akaizamisha sponji kwenye kona ya tangi, akaiunganisha na pampu ndogo ya hewa. Mapovu yakaanza kupanda. Kwa siku kadhaa hakuwalisha samaki sana, akapunguza maji kidogokidogo na kuweka mengine, akaipanda upya mimea kwa mikono yake. Walikufa wengine watatu, na kila mara alikwenda kusema. Siku ya tano samaki walishuka kutoka juu, wakarudi kwenye majani.

Mfalme naye alituma watu gerezani kuwafungua watunzaji wawili. Makame alirudi, amekonda, anaogopa mwanga. Mzee Faki hakurudi. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na hakuna aliyethubutu kumpelekea mfalme habari hiyo. Mfalme alijifungia siku mbili.

Siku ya sherehe ikafika. Wazee wa koo nne waliingia ukumbini na watu wao. Walinzi walikuwa wamewekwa kila mlango, kwa sababu waziri aliamini damu itamwagika. Mfalme alisimama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka mbele ya watu.

"Samaki mlionipa hawapo," alisema. "Walikufa zamani. Mlikuwa mkija kila mwaka kutazama samaki wa dukani. Sikujua, na sikujua kwa sababu nilimfunga kila aliyetaka kuniambia. Sasa wa Mto Baridi hawamo kabisa. Semeni mtakalosema."

Macho yote yalimwendea Mzee Ngwali, mkubwa wa ukoo wa Mto Baridi, mtu aliyepoteza wana watatu vitani. Mzee akasimama polepole kwa fimbo yake. Walinzi wakasogea.

"Mfalme," alisema, "samaki wa mtoni kwetu ana mistari mitatu ubavuni. Hawa mliokuwa nao walikuwa na miwili. Tuliona tangu mwaka wa kwanza walipobadilishwa."

"Mlijua?"

"Tulijua."

"Miaka sita mlijua, mkanyamaza?"

Mzee Ngwali aliwatazama wazee wenzake. Mmoja aliinamisha kichwa. Mwingine akaitikia kwa kutikisa chake. Nao walikuwa wamejua kwamba samaki wao si wa mtoni kwao.

"Tulikuogopa," alisema mzee. "Tulidhani ukijua, utaona aibu, na aibu yako italeta vita. Basi kila mwaka tulikuja, tukawasifu samaki, tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu kwamba hujatuuliza."

Mfalme alikaa. Hakukaa kwenye kiti chake, bali pale pale kwenye ngazi, karibu na miguu ya wazee.

"Ni mambo gani mengine," aliuliza, "mnayoyajua ninyi nisiyoyajua mimi?"

Walitazamana. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Kisha Mzee Ngwali akavuta kigoda, akaketi mbele ya mfalme, akaanza kwa habari ya kisima kilichokauka. Wa pili akafuata. Wa tatu akafuata. Chakula cha sherehe kilipoa mezani, na hakuna aliyekwenda kukila.

Funzo: Ukiwa na watu chini yako, iwe ni nchi, ofisi, darasa au nyumba, kazi yako ni kuwa chujio: upokee uchafu wa habari mbaya kwa utulivu, ili wengine waishi. Ukimwadhibu anayekuletea uchafu, utabaki na maji maangavu ya kutazama, na kila kilichomo ndani kitakuwa kinakufa.